Barua kwa Mwanangu: Mliwaamini Vipi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema wewe na mwenzako mnajiandaa kuvuka mipaka kwa gari, na unauliza: siku ile gari lilipotuharibikia ugenini, mimi na baba yako tuliwaamini vipi watu tusiowajua? Na ninyi yakiwakuta, mkubali msaada wa mpita njia?

Hatukuwa tunawajua, na hakuna mtu anayeweza kusoma nia ya mwenzake usoni, hasa pale ambapo hata lugha hamuelewani. Lakini matendo yanaonekana. Nilikuwa nayatazama muda wote, na ndiyo nitakayokusimulia.

Ulikuwa mdogo, sidhani kama unakumbuka zaidi ya jua kali. Tulikuwa tunapanda mlima. Taa ya betri ikawaka, usukani ukawa mzito, kisha mshale wa joto ukaanza kupanda. Mkanda ulikuwa umekatika. Kwenye gari letu mkanda huo mmoja ndio uliokuwa ukizungusha altaneta inayochaji betri, pampu ya maji na pampu ya usukani, kwa hiyo ulipokatika vyote vilisimama kwa mara moja. Baba yako akasogea pembeni, akazima injini. Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye boneti.

Wa kwanza kusimama alikuwa kijana mwenye pikipiki. Baada yake wakaja mzee na mkewe kwenye pikapu. Kijana, kwa hamu ya kusaidia, akanyoosha mkono afungue kifuniko cha rejeta, na mzee akamdaka kiganja. Maji ya rejeta yenye moto yamebanwa kwa shinikizo, yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko yanaruka na kukuunguza. Mzee hakuwa na lugha ya kutueleza hayo. Alijifunika uso kwa mikono, akakunja sura kama mtu aliyeungua, akatuonyesha kivuli: kaeni, injini ipoe. Tukakaa naye.

Sasa sikiliza la yule mama. Alikuwa na chupa ya maji. Hakuja kwako moja kwa moja, ingawa alikuona una kiu. Alinitazama mimi, akakuonyesha wewe, akangoja nitikise kichwa. Ndipo akakupa. Hapo moyo wangu ulitulia, kwa sababu mtu anayeomba ruhusa katika jambo dogo kama lile hana haja ya kukunyang'anya uamuzi katika kubwa.

Na ikawa hivyo mpaka mwisho. Mzee alipotaka kutuvuta kwa kamba hadi kwenye makazi ya watu, baba yako akaashiria kwamba tungependa kubaki pale pale barabarani. Mzee hakubisha wala kununa. Alichukua ule mkanda uliokatika, akamwonyesha kijana namba zilizochapwa mgongoni mwa mkanda, na kijana akaondoka nao kwenda kutafuta mwingine kama huo. Aliununua kwa pesa zake, mwanangu, kwa ajili ya watu ambao wangeweza kuondoka kabla hajarudi! Alipofika alitupa risiti. Tulimrudishia kilichoandikwa, na tulipoongeza cha juu alirudisha mkono nyuma. Mzee akaufunga mkanda mwenyewe, akaongeza maji, akakaa kusikiliza injini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kubalini. Wapo watakaokuambia usimwamini mtu yeyote barabarani. Naelewa hofu yao, lakini siwezi kukulea hivyo hata sasa ukiwa mtu mzima. Mtazame anachofanya. Anayesaidia kweli hakuharakishi, hakukatazi kupiga simu, na ukimwambia hapana anabaki vile vile. Anayedai funguo kabla hajaitazama injini, au anayetaka mtengane, mshukuru na ukatae, hata kama anatabasamu. Si utovu wa adabu.

Kuhusu maandalizi: chukueni kibali cha kimataifa cha kuendesha gari kabla ya kuondoka. Kinafuata mikataba ya Geneva ya 1949 na Vienna ya 1968, na nchi hazifuati zote mkataba uleule, kwa hiyo ulizeni kila nchi mtakayopita inakubali kipi. Kibali hicho hakitoshi peke yake. Leseni yenu ya kawaida iwe pamoja nacho daima. Bebeni pembetatu ya kuakisi mwanga na fulana za kung'aa, na fulana ziwe karibu na viti, si chini ya mizigo. Mkikwama kwenye barabara ya mwendo kasi, tokeni kwa upande usio na magari, mkasimame nyuma ya kizuizi cha chuma cha pembeni ya barabara. Kukaa ndani ya gari lililosimama pale ni hatari kuliko jua au mvua. Namba ya dharura katika nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112. Kwingine, iandikeni ya kila nchi kwenye karatasi, maana simu nayo huzima.

Niandikie mtakapojua njia mtakayopita. Baba yako anataka kuona milima iko wapi, na anasema mkanda wa akiba muununue kabla hamjaondoka.

Mama yako