Kitwitwi hafukuzwi

Vijana wangu, foto zenu za wiki hii nimezitazama zote, na nilichoona ni mikia. Kitwitwi, yule ndege mdogo wa kahawia mwenye tumbo jeupe, mmempiga foto hapa Goma, ukingoni mwa Ziwa Kivu, kuanzia mtaa wa Himbi mpaka Kyeshero, na karibu kila mahali anatuonyesha kitako. Halafu mnaniuliza: "Mkubwa, tununue lenzi gani?" Hakuna lenzi ya kumgeuza ndege. Mkia mnauona kwa sababu mnamfuata, na anayefuatwa huenda mbele.

Nitasema tena, kwa mara ya mwisho. Najua si ya mwisho.

1. Mtangulie. Kitwitwi hula akitembea ukingoni mwa maji, jiwe hadi jiwe, mkia ukipanda na kushuka bila kupumzika. Kwanza mtazame anaelekea upande gani. Zunguka kwa mbali, kaa mbele yake, tulia. Atakuja mwenyewe. Akishtuka, ataruka chini chini juu ya maji, mabawa yakitetemeka kwa ukakamavu, atapinda na kutua tena ukingoni. Hapo ndipo ninyi mnaanza mbio, na apareyi, yaani kamera, inagonga kifuani. Kaeni! Chakula chake kiko ukingoni humo humo, atakwenda wapi?

Na nikisema kaa, sisemi uchuchumae. Lala kifudifudi mpaka lenzi ifike usawa wa jicho lake. Najua lava, haya mawe yetu ya volkano, inakwaruza, hasa ile ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Kunja gunia, liweke chini ya viwiko. Ukipiga umesimama, unapata ndege aliyezungukwa na mawe yanayoonekana wazi sawa na yeye. Ukilala, mawe ya nyuma yanakuwa mbali na yanapoteza umbo, jicho linabaki.

2. Lava. Hapa nitakaa kidogo.

Wengi wenu mnajifunza kwenye video za watu wa bahari, watu wa mchanga mweupe. Wale huambiwa waongeze mwanga, maana mchanga unang'aa na apareyi inatia foto giza. Goma ni kinyume. Weusi ukijaa fremu, apareyi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga mpaka lava iwe kijivu, na tumbo la ndege linaungua, yaani linabaki jeupe tupu. Kwenye apareyi, punguza mwanga kwa stopu moja, yaani ubaki nusu. Jua likiwa kali, punguza hata karibu mbili.

Ni sentensi fupi, lakini mimi nililipa ili niipate. Mtu mmoja aliniagiza foto kubwa za ndege wa ziwa, za kutundika sebuleni kwake. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya ndege yenye franga. Akatoa avansi, malipo ya awali, nikaila. Hilo silihesabu kuwa kosa. Kosa lilikuwa kwenye menyu. Apareyi yangu ilikuwa na ile alama ya kupepesa, sehemu zilizoungua zinawaka na kuzima kwenye skrini. Nikampiga yangeyange, mwili mzima ukapepesa. Nikampiga mdiria, kifua kikapepesa. Nikaona apareyi ina ugonjwa, tena inanisumbua macho, nikaingia kwenye menyu nikaizima ile alama. Kisha nikaendelea kwa amani. Nilikuwa napiga JPEG tupu, kwa sababu kadi ilikuwa ndogo na faili ghafi (RAW, zinazotunza yote apareyi iliyopokea) niliziona ni za watu wenye kompyuta nzuri.

Asubuhi ile ndege walikuwa na huruma. Yangeyange alisimama juu ya jiwe na samaki mdomoni, shingo imepinda, mwanga unatoka mashariki, upande wa Gisenyi ya Rwanda, ukimpiga ubavuni. Mkao ule sijauona tena. Nyumbani umeme haukuwepo, nikachagua foto kwenye kiskrini cha apareyi, nikiwa nimepandisha mwanga wake mpaka mwisho, na moja kwa moja nikazipeleka kuchapishwa.

Karatasi zikatoka. Lava ilikuwa safi, ungeweza kuhesabu vitundu vyake. Juu ya lava palikuwa na pengo jeupe lenye mdomo na miguu. Hakuna unyoya hata mmoja. Nikamwambia mchapishaji apunguze mwanga. Akapunguza, pengo jeupe likawa pengo la kijivu. Kitu ambacho apareyi haikukipokea, mchapishaji angekitoa wapi? Mwenye kazi aliitazama foto kwa muda, akaniuliza kwa ule upole unaouma: "Huyu ndege ulimkata kwa mkasi?" Mtoto wake mdogo akaomba apewe, apake rangi ndani. Avansi niliirudisha kidogo kidogo. Foto zile ninazo bado, chini ya godoro, na kila anayekuja kujifunza kwangu namtolea azione. Anacheka, anatikisa kichwa, anaondoka. Wiki hii mmoja wao kanitumia yangeyange asiye na manyoya.

Basi washeni ile alama, tazameni upande wa kulia wa histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini, usigonge ukuta, pigeni faili ghafi. Lava iliyozidi giza utaiinua nyumbani.

3. Jua. Kitwitwi ni mgeni wetu, anazaliana Ulaya na Asia, huku tunaye hasa kuanzia Agosti hadi Aprili. Ziwa nalo liko kusini mwa mji. Unganisheni hayo mawili: Novemba hadi Januari jua limesogea kusini, yaani upande wa ziwa, kwa hiyo ukisimama nchi kavu na kulenga majini unalipiga jua lenyewe. Mwezi Juni jua liko mgongoni mwako, ila wageni karibu wote wameshaondoka. Dawa ni kupiga kwa kufuata ukingo: asubuhi ukielekea magharibi, jioni ukielekea mashariki. Tafuta lava iliyojitokeza ndani ya maji, ukae kwenye ncha yake. Jua letu linachomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima na halina subira. Ikifika saa tatu, rudi nyumbani ukanywe chai.

Lakini mashariki ndiko mpaka uliko, na lenzi ndefu ikionekana kwa mbali watu hawadhani unatafuta ndege. Karibu na mpaka, karibu na bandari, karibu na mtu yeyote mwenye sare, apareyi ibaki kwenye begi. Sitaki majadiliano.

4. Maji kupwa na kujaa. Kuna aliyeniomba ratiba. Mwanangu, hili ni Ziwa Kivu, si bahari! Tazama upepo, na tazama watu wa bidoni, wanaochota maji. Wengi wenu mnakimbilia sehemu zisizo na mtu, na huko ndege anaruka akiona kofia yako tu. Pale wamama wanapofua, ndege wamezoea miguu, ndoo na kelele, anakula karibu na povu la sabuni. Salimia kwanza, eleza unachofanya, omba nafasi, na lenzi isiwaelekee wao. Foto zangu za karibu kabisa nimezipata hapo, na mama mmoja ndiye aliyekuwa akininong'oneza: "Papa, anakuja, anakuja, usijikune."

5. Kasi ya apareyi: akitembea 1/1000 ya sekunde, kwa sababu ya ule mkia, akiruka 1/2000. Fokasi ya kufuatilia, nukta kwenye jicho. Zima mlio wa apareyi.

6. Mawe. Nimesikia kuna mtu anawapa watoto biskuti ili wamrushie ndege mawe, apate foto ya kuruka. Ndege huyo amevuka Sahara kuja hapa. Jumapili saa kumi na moja na nusu tunaanzia Himbi. Njooni na nguo za rangi ya lava, fulana nyeupe mziache nyumbani. Na mwenye biskuti azilete tule sisi.