Chakula cha pamoja cha wazee Marekani si cha kulipia

Ndugu, umeuliza kama mama yako atalipishwa au kudaiwa ushahidi wa umaskini. La, hatakiwi kulipa wala kuthibitisha kwamba ni maskini ili ale chakula cha mchana na wazee wenzake katika kituo cha mtaani kwao huko Marekani. Sheria ya wazee ya nchi hiyo ya mwaka 1965, ambayo iliongezewa mpango huu wa lishe mwaka 1972, inamkubali kila aliyetimiza miaka 60 pamoja na mume au mke wake, hata kama mwenzi huyo ana umri mdogo zaidi, na inakataza mtu kunyimwa chakula kwa sababu hakuchangia. Kisanduku cha mchango atakachokiona ni cha hiari. Kila mlo hutakiwa kuwa na angalau theluthi moja ya virutubisho anavyohitaji mzee kwa siku. Hata hivyo, wenye dhiki zaidi ndio wanaopaswa kufikiwa kwanza, na vituo vingi hutaka mtu ajiandikishe mapema.

Usiufananishe mpango huo na Inua Jamii, mpango wetu wa Kenya wa ruzuku ya fedha, ambao humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini haumpi wa kula naye. Nyanya yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, hakukosa mbaazi za nazi jikoni. Ila tangu babu afariki, alikuwa akimega hamri moja kwa chai ya rangi na kuliacha bakuli limefunikwa, na jirani alipokuja kuketi naye mkekani, nyanya alikula hadi akaomba aongezwe.