Aya tunazoziacha katikati

Februari 2023, Sinodi Kuu, yaani baraza kuu la Kanisa la Uingereza, Waanglikana wenzetu, ilipopiga kura kukubali sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, simu yangu haikupumzika. Kundi la kwaya, kundi la ukoo, hadi kundi la wazazi wa shule, kote gumzo lilikuwa hilo. Na Alhamisi iliyofuata zamu ya kufundisha kwenye ibada yetu ya nyumbani ilikuwa yangu.

Nilijiandaa, au nilidhani nimejiandaa. Walawi 18, Warumi 1, 1 Wakorintho 6. Ili kuwachangamsha watu nikaanza na mzaha kuhusu "hao wanaume", nikasimama nikaigiza na mwendo kidogo. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka. Kijana wetu wa kinanda naye alicheka, ila kicheko chake kilichelewa, kama cha mtu anayewatazama kwanza wenzake. Kikombe chake kilibaki kimejaa, utando wa maziwa umeganda juu. Nilikiona mama mwenye nyumba alipokuwa anakusanya vyombo, wala sikukitilia maanani.

Wiki tatu hakuonekana. Ya nne akanipigia, saa nne usiku. "Mwalimu, ungejua nimo mle ndani, ungesema vile vile?"

Nikaelewa. Nikatafuta aya ya kumjibu, mimi mtu wa aya, nikakosa. Nikamwomba radhi. Akauliza, "Kwa hiyo mimi niendelee kuja au nisije?" Nikamwambia kinanda bado hakijapata mtu. Yeye kauliza habari zake, mimi namjibu habari za kinanda! Hadi leo jibu lile linaniuma kuliko hata ule mzaha.

Naandika haya kwa wenzangu mnaoshika Biblia mbele za watu. Niseme kabisa niliposimama, usije ukahangaika kunikisia: mafundisho ya kanisa langu kuhusu ndoa sijayaacha. Wapo Wakristo makini wanaosema lile neno la Kigiriki alilotumia Paulo, arsenokoitai, lililenga unyonyaji wa vijana na watumwa, si watu wazima wawili wanaopendana. Hoja zao nimezisoma, hazikunishawishi, maana neno lenyewe linaonekana limeungwa na maneno mawili yaliyomo katika Walawi 20:13 ya tafsiri ya kale ya Kigiriki. Tunaweza kubishana hapo mpaka asubuhi. Lakini si mabishano hayo yaliyomwondoa kijana yule. Kilichomwondoa ni ule mwendo wangu wa kuigiza.

Tangu hapo nikaanza kujichunguza jinsi ninavyosoma, nikagundua nina mazoea ya kusoma nusu. Chukua hiyo 1 Wakorintho 6. Tukifika "wala wafiraji, wala walawiti" sauti zinapanda, kisha Biblia inafungwa. Paulo hajamaliza. Anaendelea: wezi, wenye tamaa, walevi, watukanaji, wanyang'anyi. Watukanaji! Kwenye kundi letu la kwaya wiki ile, katika kuitetea aya hii hii, yaliandikwa matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, na mengine yalisindikizwa na emoji ya mikono ya sala. Aya ya 11 nayo inaongeza kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo. Orodha ile ilisomwa mbele ya watu wanaojijua kuwa wamo, wamekaa hapo hapo wanasikiliza.

Yohana 8 tunaigawana kama mkate. Wenye kusisitiza upendo huishia "wala mimi sikuhukumu". Sisi wa upande wa pili huanzia "wala usitende dhambi tena". Angalia mpangilio, ndugu yangu. Waliobeba mawe waliondoka kwanza, wazee wakitangulia. Yesu hakumwambia yule mwanamke habari ya dhambi zake huku mawe yakiwa bado mikononi mwa watu.

Na sisi Waanglikana tuna nusu yetu nyingine. Azimio la Lambeth, mkutano wa maaskofu wetu wa dunia nzima, la 1998, namba I.10, lilipita kwa kura 526 dhidi ya 70, na maaskofu wa Afrika walikuwa mstari wa mbele. Sehemu inayosema vitendo vya ushoga havipatani na Maandiko tunaijua kwa moyo. Lakini azimio hilo hilo linasema watu hawa wanapendwa na Mungu, kwamba wote waliobatizwa, wenye imani na waaminifu ni viungo kamili vya Mwili wa Kristo, na maaskofu wanaahidi kusikiliza yanayowapata. Aprili 2023 pale Kigali, mkutano wa GAFCON, umoja wa Waanglikana wanaoshika mafundisho ya zamani, ulisema hauna imani tena na uongozi wa Askofu Mkuu wa Canterbury katika jambo hili, nasi tukapiga makofi. Ile ahadi ya kusikiliza je? Sikumbuki kuisikia mimbarini hata mara moja.

Halafu kuna ule msemo, "chukia dhambi, mpende mwenye dhambi". Wengi wanaapa ni aya. Si aya. Maneno yaliyo karibu nao yamo katika barua ya Augustino, yule askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, kwa watawa wa kike, akiwafundisha namna ya kuonyana. Hao ni watu waliokaa nyumba moja na kula meza moja. Mimi nilikuwa nautumia kwa watu ambao hata chai sijanywa nao.

Sasa la siri, na hapa nakusihi sana. Mtu akikueleza jambo kama hili, liishie kwako. Nilishikwa na hamu ya kulipeleka kwa waombaji kama "ombi maalum", na sote tunajua ombi maalum linavyosafiri: jioni liko kwa waombaji, asubuhi liko sokoni. Hapa Tanzania si suala la aibu tu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kujamiiana kinyume cha maumbile, kinaanzia miaka 30 jela hadi kifungo cha maisha. Papa Francis, Januari 2023, alisema tutofautishe dhambi na kosa la jinai. Unaweza kukataa mengine yote ya Roma ukakubali hilo. Umbea wako unaweza kumfunga mtu. Wala usimwitie watu wa kumkemea pepo kama mwenyewe hajakuomba. Ukishindwa la kusema, nyamaza naye.

Na chunga ulimi hata kwenye neno lenyewe. Mke wangu ni wa Tanga, rafiki yake wa tangu utoto anamwita "shoga", neno la mapenzi kabisa. Siku hizi akilisema dukani watu wanageuka. Sisi ndio tulioligeuza kuwa jiwe.

Kijana sasa anasali mahali pengine. Krismasi hunitumia ujumbe, nami humjibu siku hiyo hiyo. Hajawahi kuniambia yuko kanisa gani, na mimi siulizi.

Mwaka uliofuata zamu ikanirudia, nyumba ile ile. Nikasoma orodha yote, polepole, bila mzaha. Nilipofika "wala watukanaji", mama mwenye nyumba akanikatiza. "Ngoja, mwanangu. Hiyo nayo imo humo humo?" Nikamwambia imo. Akavaa miwani, akaivuta Biblia kutoka mkononi mwangu, akaanza kuitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari.