Maswali ya Muziki: Kilio cha Gita la Stili

SWALI: Mhariri, salamu. Nimekuwa mpenzi wa muziki wa kantri tangu utotoni, kwa sababu marehemu baba hakukosa hata siku moja kipindi chake redioni. Katika nyingi za nyimbo hizo kuna chombo kinacholia kama mtu anayeimba bila maneno. Jirani yangu anashikilia kwamba ni kinanda, nami nasema ni gita. Tuamulie, na utueleze kilio kile kinatoka wapi. (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Haki iko kwako, msomaji wetu. Chombo hicho ni gita la stili lenye pedali, ijapokuwa ukilikuta jukwaani huenda usilitambue, kwa kuwa halining'inizwi begani bali limelazwa juu ya miguu minne na mpigaji huketi nyuma yake. Aina iliyozoeleka katika kantri ina nyuzi kumi. Mkono wa kulia hudonoa nyuzi kwa kidonoa cha plastiki kilichovishwa kidole gumba na vya chuma vilivyovishwa vidole viwili vingine, na mkono wa kushoto hushika kipande kizito cha chuma cha mviringo kinachotelezeshwa juu ya nyuzi bila kuzikandamiza mpaka ziguse ubao. Ndiyo maana noti zake zaweza kupanda na kushuka bila ngazi. Mbinu hiyo ya kutelezesha chuma ilitoka Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku.

Hata hivyo, chuma peke yake hakitoi kilio unachokisikia. Chini ya gita kuna pedali za mguu wa kushoto na nyenzo zinazosukumwa kwa magoti, na kila moja huvuta au kulegeza nyuzi maalumu huku nyingine zikibaki zilivyo. Mwanzoni wapigaji walizitumia pedali kubadilisha mpangilio wa nyuzi tu, na walijitahidi mabadiliko hayo yasisikike. Bud Isaacs alifanya kinyume: katika wimbo "Slowly" wa Webb Pierce, uliorekodiwa mwaka 1953 na kuvuma mwaka uliofuata, alikanyaga pedali wakati nyuzi zingali zinalia, hata msikilizaji akasikia noti moja ikisafiri kuifuata nyingine iliyotulia. Mwendo ule wa noti ndio kilio chenyewe.

SWALI: Ninaishi Minnesota, na nimenunua gita la stili lililotumika, lenye mpangilio wa nyuzi uitwao E9, pedali tatu na nyenzo za magoti. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ninazipata, lakini nikipiga hutoka sauti ya king'ora cha gari la wagonjwa, na watoto wangu hufunga mlango. Naomba mbinu za kulifanya liwe na hisia, pamoja na vionjo vichache, yaani vipande vifupi vya muziki, vya kufanyia mazoezi. (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Kwa maelezo yako ninashuku mambo mawili, mguu wa kulia na mkono wa kushoto, kabla hata hatujafika kwenye vionjo.

Pedali ya sauti, ile iliyo chini ya mguu wa kulia, haikuwekwa pale ili kila noti ianze kimya kisha ivimbe, ingawa ndivyo waanzaji wengi wanavyoitumia. Kazi yake kubwa ni kuitegemeza noti inayofifia. Uzi ukishadonolewa, nguvu yake huanza kupungua papo hapo. Kwa hiyo mpigaji hudonoa pedali ikiwa imefunguliwa kiasi cha nusu, kisha huikanyaga polepole kwa kadiri ileile ya kufifia kwa uzi, hata msikilizaji asijue kwamba mguu umefanya kazi yoyote. Kuivimbisha noti makusudi ni pambo, na pambo linalorudiwa kila baada ya sekunde mbili huchosha.

Mkono wa kushoto nao huponzwa na mtetemo. Mwanzaji hutetemesha chuma tangu noti inapozaliwa, mara nyingi kwa sababu hana hakika kama amefika mahali pake. Fika kwanza, tulia, acha noti isikike ilivyo, ndipo uanze kukisogeza chuma mbele na nyuma ya mstari kwa umbali mdogo sana, polepole katika wimbo wa polepole. Kumbuka pia kwamba mistari ya freti, ile inayoonyesha mahali pa noti, imechorwa tu na haimsaidii anayekosea: chuma hukaa juu ya mstari wenyewe, na jicho huutazama kutoka juu moja kwa moja, la sivyo utadhani umefika ilhali umepungua. Vidole vilivyo nyuma ya chuma viache vilale juu ya nyuzi, ili kelele za upande ule zinyamaze.

Sasa vionjo. Weka chuma kwenye freti ya 3 na udonoe uzi wa 4, wa 5 na wa 6 bila kukanyaga kitu. Utapata G, D na B, yaani kodi ya G. Pedali zako tatu huitwa A, B na C. Pedali A huupandisha uzi wa 5 toni nzima (freti mbili), kutoka D hadi E, na pedali B huupandisha uzi wa 6 nusu toni (freti moja), kutoka B hadi C, kwa hiyo ukizikanyaga zote mbili umefika kodi ya C bila kusogeza mkono. Hilo unalijua tayari. Ambalo huenda hujalijaribu ni kuzitenganisha: donoa mara moja tu, kanyaga B, ngoja, kisha ikamue A taratibu mpaka mwisho wake, na wakati wa kurudi uachie A kwanza na B baadaye. Pedali hizo mbili zimekaa bega kwa bega ili mguu mmoja uzimudu kwa kulaza kifundo upande huu au ule. Mimi ningekaa kwenye kionjo hiki kimoja kwa wiki kadhaa, nikibadilisha muda tu, kwa sababu kukanyaga upesi kwa mshtuko ndiko kunakoleta king'ora, na kuachia kwa haraka huharibu hata mkanyago uliokuwa mzuri.

Cha pili ni kile ambacho noti moja husimama huku jirani yake akiondoka. Ukiwa bado freti ya 3, kanyaga A na udonoe uzi wa 4 na wa 5, upate G na E. Telezesha chuma hadi freti ya 5 huku ukiiachia A kwa mwendo uleule. Uzi wa 5 utabaki E, kwa kuwa kilichoongezwa na mkono kimepunguzwa na mguu, na uzi wa 4 utapanda kutoka G hadi A. Mguu ukitangulia mkono, E itazama kidogo kabla ya kurudi, na sikio litakwambia mara moja.

Cha tatu kinahitaji pedali C. Kwenye freti hiyohiyo ya 3 donoa uzi wa 1 na wa 4, yaani A na G, kisha kanyaga C polepole ili uzi wa 4 upande ukutane na wa 1. Noti mbili zinapokaribiana utasikia mawimbi ya sauti yakigongana, kwanza kwa kasi, kisha taratibu, kisha yanakoma. Yasipokoma wakati pedali imefika mwisho, gita lako halijatyuniwa vizuri.

Na kwa kuwa tumegusa kutyuni, usiifuate mashine ya kutyuni neno kwa neno. Nyuzi za G# hutoa noti ya tatu ya kodi ya E, ukihesabu kuanzia E yenyewe, na noti ya tatu inayotulia sikioni huwa chini ya ile ya mashine kwa takriban senti 14, senti moja ikiwa sehemu ya mia ya nusu toni. Kwenye piano huwezi kuirekebisha; kwenye stili waweza, na wapigaji wengi huzishusha nyuzi hizo kidogo.

Bado kuna kuzima. Noti zikipishana bila kuzimwa hugeuka matope, kwa hiyo ubavu wa kiganja cha kulia hugusa nyuzi kati ya noti na noti. Wengine hupendelea kukirudisha kidonoa kwenye uzi uleule kabla ya kudonoa mwingine. Anza na kiganja.

SWALI: Sisi ni bendi ya hotelini na hatuna uwezo wa kununua stili. Je, gita la solo la kawaida laweza kuiga sauti hiyo wageni wanapoomba nyimbo za kantri? (Mpiga solo, Mombasa)

JIBU: Laweza, kwa sehemu. Shika uzi wa 3 kwenye freti ya 7, na uzi wa 2 na wa 1 kwenye freti ya 8. Donoa zote tatu kwa pamoja, kisha uvute uzi wa 3 peke yake toni nzima, kutoka D hadi E, huku G na C za juu zikibaki bila kutikisika. Utakuwa umeingia kwenye kodi ya C kwa namna inayofanana sana na pedali A. Ugumu uko kwenye hizo mbili zinazobaki, kwa sababu vidole vinavyovuta hupenda kuzikokota pia. Kidole kidogo cha kulia kiweke kwenye kitufe cha sauti ya gita, ufungue kidogo baada ya kudonoa, ili pigo la kwanza lipungue ukali.

Clarence White wa Marekani hakuridhika na vidole. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na Gene Parsons waliingiza ndani ya gita lake la Telecaster mtambo unaounganishwa na mkanda wa begani, na shingo ya gita ikisukumwa chini, uzi wa 2 hupanda toni nzima. Mitambo ya namna hiyo bado inatengenezwa, lakini kwa bei zake ningekushauri uvimalize vidole kwanza.

SWALI: Je, yupo Mwafrika aliyelipiga gita hili kwa kiwango cha juu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Yupo Demola Adepoju wa Nigeria, aliyekuwa katika bendi ya King Sunny Adé, na ndiye pia aliyepiga stili katika wimbo "Graceland" wa Paul Simon wa mwaka 1986. Katika juju, mtindo wa muziki wa Nigeria anaoupiga Adé, gita hilo halihubiri huzuni ya kantri. Hupita kwa noti ndefu zinazoteleza juu ya ngoma na magita mengine, kisha hunyamaza na kuyaachia nafasi. Albamu ya kuanzia ni "Juju Music" ya mwaka 1982.