Kutafuta ukoo mtandaoni ukiwa Mtwara au Lindi: maswali yenu na majibu

Maswali yamekuwa mengi kuhusu hili jambo la kutafuta historia ya familia kwa rekodi za mtandaoni na zile kanzidata za pamoja ambazo watu wa dunia nzima wanajaza mti mmoja. Yanayofanana nimeyaunganisha, majina yenu nimeyaacha. Naanza na lile lililoulizwa na wengi.

Nimefungua akaunti FamilySearch nikaandika jina la babu na Newala, hamna kitu. Nikilipia Ancestry si nitapata? (Kijana, Newala)

Mdogo wangu, usilipe kwanza. FamilySearch ni bure, inaendeshwa na kanisa la Wamormoni la Marekani, Ancestry ni ya kulipia, ila hela yako haiwezi kuleta rekodi ambayo haikuandikwa au haijaskaniwa. Vilivyojaa huko ni vya Ulaya na Marekani zaidi. Wenzetu wa Uingereza sensa yao wanaifungua na majina baada ya miaka 100, ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, mtu akiingia anakuta babu yake, nyumba aliyokaa, na kazi aliyokuwa anafanya. Kwetu sensa inatoa takwimu, majina ya watu hayatoki, na usajili wa vizazi na vifo japo ulikuwepo kisheria tangu enzi za Mwingereza wazee wetu wengi wa vijijini walizaliwa wakazikwa bila karani yeyote kuwaandika.

Alafu kuna hili ambalo naliona kila siku. Ile mitambo imetengenezwa kwa watu ambao jina la mwisho halibadiliki, baba Fulani mtoto Fulani mjukuu Fulani. Sisi je? Hamisi Saidi Nnali akizaa, mtoto anaitwa Juma Hamisi Saidi, na wa Juma anaitwa Zainabu Juma Hamisi, basi Nnali ameshapotea hapo ndani ya vizazi viwili tu, na ukimtafuta Zainabu kwa jina la Nnali utakesha. Kwahiyo tafuta kwa jina moja moja, achana na kujaza vyumba vyote. Jaribu Nnali na Mnali, jaribu L na R, na kama rekodi ni ya Mjerumani kumbuka yeye Masasi aliandika Masassi, na ch aliiandika tsch.

Mahali napo pana shida. Wakati wa Mjerumani Newala, Masasi na Mikindani zilihesabika wilaya ya Lindi, alafu Mwingereza akawa na Southern Province yake, na mkoa wa Lindi kutengana na Mtwara ni 1971. Andika basi "Lindi" peke yake, au "Tanganyika", uone. Ukikosa bado usife moyo, soma majibu yanayofuata.

Bibi yake bibi alibatizwa misheni Masasi zamani sana. Vitabu viko wapi, na vimeshawekwa mtandaoni? (Dada, Masasi mjini)

Dada yangu wewe una bahati kuliko wengi wetu. Waanglikana wa UMCA (misheni iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza) walifika Masasi 1876, Askofu Edward Steere akaja na kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakajenga hapo. Kwahiyo usishangae kama ukoo wenu una hadithi ya Unguja ndani yake, fuatilia, inawezekana kabisa. Barua, ripoti na picha za UMCA zipo maktaba ya Bodleian kule Oxford, orodha yake unaweza kuisoma kwenye intaneti bure, ila kuona orodha na kuona karatasi yenyewe ni vitu viwili tofauti. Rejesta ya ubatizo anza kuiulizia parokiani na dayosisi, usianzie Oxford.

Kama walikuwa Wakatoliki ni Wabenediktini, Lukuledi, Nyangao, baadae Ndanda iliyoanza 1906. Nyangao na Lukuledi zilichomwa kwenye Majimaji 1905, kwahiyo anayetafuta ubatizo wa kabla ya hapo ajiandae kisaikolojia.

Nikueleze na jinsi ya kuisoma manake wengi wanapewa kitabu wanapiga picha mstari mmoja wanaondoka. Rejesta za zamani za Kikatoliki ni za Kilatini. Yohana ni Joannes, Yakobo ni Jacobus, pater ndo baba, mater mama, patrinus msimamizi. Msimamizi usimruke, mara nyingi ni ndugu au jirani wa familia. Na pembeni kabisa mwa ukurasa, kwa maandishi madogo, padri anatakiwa kuongeza kipaimara na ndoa ya yule mtu hata kama alifunga parokia nyingine, yaani mstari wa mtoto wa siku chache unaweza kukuambia aliolewa wapi na nani miaka ishirini mbele. Piga picha ukurasa mzima, na jalada la kitabu pia ili ujue umetoa wapi. Nenda na barua, nenda kwa adabu, katibu wa parokia hana wajibu wa kukuachia kitabu siku nzima.

Sisi ni Waislamu, hatuna rejesta za ubatizo. Ndo basi tena? (Kaka, Mikindani)

Hapana kaka. Anza na Msahafu na vitabu vya dini vya nyumbani, fungua kurasa za mwanzo na za mwisho, wazee wengi wa pwani walikuwa wanaandika humo kuzaliwa na kufa, kwa herufi za Kiarabu na lugha ya Kiswahili. Tafuta mwalimu wa madrasa akusomee. Tarehe ikiwa ya Hijria usiongeze tu miaka 600 na kitu kwa kichwa, mwaka wa Hijria ni mfupi kwa kama siku 11, tumia kikokotoo cha mtandaoni. Mfano 1340 imeanzia 1921 ikaishia 1922. Familia za Kilwa, Lindi na Mikindani baadhi zina nasaba imeandikwa kabisa mpaka babu wa saba, wa nane. Vyeti vya ndoa navyo vina jina la walii, na walii mara nyingi ni baba au baba mdogo wa bi harusi, hapo umeshapata kizazi kingine.

Na lile sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee, liombe. Kipande cha kazi cha shamba la mkonge, risiti ya kodi ya kichwa, kadi ya TANU, kadi ya kliniki, vyote hivyo ni rekodi na vina majina. Skani kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi.

Babu yangu kila mtu anamtaja kwa jina lingine. Shangazi anasema hivi, baba anasema vile, kwenye cheti liko la tatu. Lipi la kweli niweke? (Mwanafunzi, Tandahimba)

Yote ni ya kweli, mdogo wangu, na hapa ndo kwetu watu wanapotea kuliko mahali pengine popote. Mtoto alizaliwa akapewa jina la nyumbani. Akaenda jando, akatoka na jina jipya, na kwa Wamakonde na Wayao kumwita mtu aliyetoka jando kwa jina lake la utoto ni kumvunjia heshima, kwahiyo lile la kwanza wadogo zake wanaweza wasilijue kabisa. Akabatizwa au akasilimu, jina lingine. Akaenda mkonge, karani akamwandika anavyosikia. Akazaa, kijiji kizima wakawa wanamwita Baba Fulani mpaka anazikwa. Sasa wewe umekuja na simu yako unataka jina moja!

Weka lile lililo kwenye karatasi kama jina kuu kwa sababu ndo litakalokutana na rekodi nyingine, alafu mengine yote yaingize kwenye sehemu ya majina mengine, kila moja na maelezo, hili la jando, hili la kazini, hili kasema shangazi. Na swali la kuuliza wazee lisiwe "aliitwaje". Uliza "kabla ya jando mlikuwa mnamwitaje", "mama yake alikuwa anamwitaje". Utaona majibu yanavyofunguka.

Kitu kingine cha huku kwetu. Kwa Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua ukoo ulifuatwa upande wa mama, na mwenye sauti juu ya watoto alikuwa mjomba. Vijana wengi wanahangaika na upande wa baba tu kwa sababu ndo uliopo kwenye kitambulisho, wanafika kizazi cha tatu wanakwama, kumbe kaka yake bibi yupo hai Kitangari anazo mama sita za nyuma kichwani. Nenda kwa mjomba wa mama yako. Programu zote hizi zinakuruhusu kupanda kwa mama, ni wewe tu kubonyeza.

Kwenye ule mti wa pamoja kuna mtu simjui kambadilisha baba wa bibi yangu, kaweka mwingine. Nimeumia sana. Nimfute? (Mama, Nachingwea)

Pole mama. Usimfute kwanza. Mti wa FamilySearch ni mmoja kwa watu wote, marehemu akishaingia humo yeyote mwenye akaunti anaweza kumgusa, ila kila badiliko linabaki kwenye kumbukumbu, nani kabadili na lini, na unaweza kurudisha lilivyokuwa. Hakuna kilichopotea.

Mwandikie kwa upole, mtu anayemjua bibi yako kwa jina kuna uwezekano mkubwa ni ndugu. Muulize kapata wapi. Pengine mko sawa wote wawili, manake kwetu baba mkubwa ni baba, baba mdogo ni baba, na aliyemlea bibi yako akamwoza anaweza kuwa si aliyemzaa. Watu wanauliza "baba yake bibi nani" wanajibiwa kwa haki kabisa jina la mlezi. Uliza hivi: aliyemzaa nani, aliyemlea nani, aliyepokea mahari nani. Majina matatu yakija usishangae. Ile kanzidata ina nafasi ya wazazi wa kuzaa na wa kulea, waweke wote.

Alafu weka ushahidi, mama, hili nalisisitiza kwa nguvu zote. Mtu asiye na chanzo anabadilishwa na yeyote. Hata kama huna karatasi, andika kasema nani, yeye ni nani kwa marehemu, kasemea wapi, tarehe gani. Neno la mzee lililoandikwa namna hiyo ni chanzo halali, na lina uzito kuliko mti mrefu ambao mtu kanakili kwa mwenzake aliyenakili kwa mwenzake. Na weka nakala yako pembeni, Gramps ni programu ya bure inakaa kwenye kompyuta yako, humo haingii mtu.

Babu mzaa babu alichukuliwa upagazi vita ya Mjerumani na Mwingereza, hakurudi. Jina lake naweza kulipata? (Mzee, Mtama)

Shikamoo mzee wangu. Hapo Mtama mnaishi jirani na Mahiwa na Nyangao kwenyewe, palipopiganwa vibaya Oktoba 1917. Kuna tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, kanzidata yao ni bure, unaandika jina tu. Ila nikuambie ukweli, wapagazi na askari Waafrika wengi sana majina yao hayakuandikwa wala hawakupewa kaburi lenye jina, na tume yenyewe ilikiri hilo kwenye ripoti ya 2021. Usipomkuta asikuambie mtu kwamba hakuwepo. Mwandike mwenyewe kwenye mti wa familia, na hadithi ya siku aliyochukuliwa kama mlivyopokea. Kwa wenye wazee wa KAR (jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) waliokufa Burma vita ya pili ya dunia, tafuteni mnara wa Rangoon kwenye kanzidata hiyohiyo.

Wazee wetu walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Tunawatafutaje? (Kaka, Mtwara mjini)

Mko wengi, kuna waliokuja kwa mkonge na kuna waliokimbia vita ya ukombozi ya 1964 mpaka 1974. Andika majina Kireno: Makonde ni Maconde, Hassani ni Assane, Saidi ni Saíde. Nyaraka kuu ziko Maputo, lakini kwanza pata jina la kijiji cha upande wa pili, "Mueda" peke yake haitoshi.

Vipimo vya DNA vinafaa? (Wengi)

Vinakulinganisha na waliopima, na watu wa kusini waliopima ni wachache, kwahiyo zile asilimia zichukulie kama makadirio. Kampuni ya 23andMe iliibiwa taarifa za watu kama milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba kufilisika. Hapa nchini kuna sheria ya vinasaba ya 2009, msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, ulizia kwake kabla hujatuma mate yako nje. Mimi ningeiweka hiyo hela kwenye nauli ya kwenda kwa wazee.

Bibi ana miaka mingi, anasahau, na mimi niko Dar. Nianzie wapi, na niweke nini hadharani? (Mjukuu wa Ruangwa)

Anza wiki hii. Mpigie binamu aliye naye karibu, arekodi sauti kwa simu, asubuhi bibi akiwa hajachoka, nusu saa inatosha. Asimuulize mwaka. Amuulize kimbunga cha Lindi cha 1952 kilimkuta ana umri gani, alikuwa ameshaolewa wakati wa mashamba ya karanga Nachingwea (hiyo ni 1947 mpaka 1951), mtoto gani alikuwa mgongoni wakati wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Hapo utapata miaka bila kumchosha. Akirudia hadithi ileile mwache airudie, mara ya pili huwa na jina lililokosekana mara ya kwanza.

Hadharani weka marehemu tu. Walio hai usiweke tarehe za kuzaliwa, namba za NIDA wala picha za vyeti, sheria ya kulinda taarifa binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023 na matapeli nao wanazipenda hizo. Mtoto wa nje, ugomvi wa shamba, nani alimwacha nani, hivyo viandike kwenye daftari lako kwanza mpaka wahusika waridhie. Na ile sauti ya bibi itume kwa ndugu wengine siku hiyohiyo, isibaki kwenye simu moja.