Andika guni kwanza

Wiki hii tunajibu washairi wanaoanza, wale ambao ubeti wa kwanza hauwaachi waende mbele.

Nafuta mshororo wa kwanza mara kumi kabla sijafika wa pili. Nikimaliza ubeti mmoja, hamu imekwisha. Nifanyeje?

Unafanya kazi tatu kwa mpigo: kutafuta la kusema, kuwinda vina (silabi za mwisho zinazofanana) na kuhesabu mizani (silabi za kila mshororo). Zitenganishe.

Siku ya kwanza andika guni, yaani shairi lisilojali vina wala mizani, kwa makusudi: beti 5 za mishororo minne minne, bila kuhesabu chochote. Unachotafuta ni maana tu, ubeti wa kwanza unasema nini na wa tano unafika wapi. Ukikwama, acha pengo, chora mstari, songa mbele.

Siku ya pili shughulikia vina. Hapa ndipo wengi hujitesa: mtu hutunga mshororo mtamu unaoishia kwa neno lisilo na wenzake, kisha anahangaika kulitafutia ndugu. Anzia upande wa pili. Orodhesha kwanza maneno 12 ya kina kimoja. Sarufi yenyewe inakupa: -ni hupatikana kwenye mahali (moyoni, njiani, akilini), -wa kwenye kutendwa (sifiwa, tolewa), -na kwenye kutendana (onana, pendana). Ila changanya na majina ya kawaida. Vitenzi vitupu vya kutendana ubeti baada ya ubeti vinachosha sikio.

Siku ya tatu ndiyo ya mizani. Tarbia (shairi la mishororo minne kwa ubeti) ya kawaida ina 8 kwa kipande, yaani nusu ya mshororo, na 16 kwa mshororo: "Nimekaa na kalamu, maneno yamo kinywani." Hesabu kwa vidole huku ukisoma kwa sauti. Ukihesabu kwa macho, m ya mtu na n ya nchi hupotea, na kila moja ni mizani kamili. Ikizidi moja, usivunje mshororo mzima. Badilisha neno: "lakini" (3) iwe "ila" (2), "kwa sababu" (4) iwe "maana" (3).

Niandike muda gani kwa siku?

Dakika 20, saa ileile. Kiwango cha chini kiwe mishororo 2, hata siku mbaya unaiweza. Ukikosa siku, usiilipe kesho yake kwa kuandika maradufu. Deni hilo likifika siku tatu ndipo watu hulitupa daftari. Tena simama ukiwa bado unajua kinachofuata: andika maneno yake matatu ya mwanzo ukingoni, kesho uanzie hapo.

Vina vya kati, vile vya katikati ya mshororo, vimenishinda. Niache ushairi wa kimapokeo?

Jaribu utenzi kwanza. Kila ubeti una vipande 4 vya mizani 8: vitatu vya mwanzo vinafanana kina, cha nne kinabeba bahari, yaani kina kimoja kinachokwenda hadi mwisho wa utenzi. Bahari iwe nyepesi, kama -ni au -wa. Kwa kuwa vile vitatu hubadilika kila ubeti, ubeti ulioharibika hauuangushi unaofuata. Mashairi huru nayo ni njia halali, tunayapenda, lakini si kimbilio la anayeogopa kufuta. Huko nako utafuta, bila hata kipimo cha kukuambia umefika.

Nitajuaje shairi limekamilika?

Mpe mtu mwingine alisome kwa sauti, wewe ukae kimya na kalamu. Ulimi wake unapojikwaa, weka alama. Rekebisha hapo tu, andika tarehe chini, anza jingine.

Daftari au simu?

Guni iandike daftarini, kwa kalamu ya wino. Simu inafuta upesi mno, na kilichofutwa hakionekani tena. Daftarini kata neno kwa mstari mmoja tu, lizidi kusomeka, kwa sababu neno ulilolikataa ubeti wa kwanza mara nyingi ndilo utakalolihitaji ubeti wa nne.