Lesi ya vijiti: wapi ukaze, wapi uache

Nimekulia Lamu nikishona kofia za viua, na mkono wangu ulizoea kukaza: tundu likishazungushwa uzi, unavuta, basi. Nilipoanza lesi ya vijiti, yaani lesi inayosukwa juu ya mto wenye pini kwa nyuzi zilizozungushiwa vijiti, mazoea hayo ndiyo yaliyoniharibia kazi. Kwenye kofia, kitambaa kinakushikia uzi. Kwenye lesi hakuna kitambaa. Pini ndizo zinazoshika mpaka nyuzi zishikane zenyewe.

Ukanda wangu wa kwanza wa Torchon, aina mojawapo ya lesi hii, ulipendeza ukiwa bado juu ya mto. Nilipong'oa pini, ukajikusanya kama marinda. Niliumia, maana ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Kosa lilikuwa kwenye nyuzi zinazoshuka wima: nilizivuta kwa nguvu, zikatulia kwa sababu pini zimezizuia, na pini zilipotoka zikarudi kwenye urefu wake.

Sasa nafanya hivi. Jozi ya nyuzi inayokwenda upande kwa upande ikishaizunguka pini ya ukingoni, naivuta taratibu mpaka iiguse pini. Kisha nazinyoosha zile za wima, kwa uzito wa vijiti tu, si kwa nguvu ya vidole. Uzi ulio kati ya kazi na kijiti nauacha wa urefu mmoja kwa vijiti vyote, kama upana wa kiganja. Uzi wa kimoja ukiwa mrefu kuliko wa wenziwe, mkono hauwezi kupima mvuto sawasawa. Ukiona kitanzi kimelegea safu tatu nyuma, usikivute kutoka ulipo. Fumua. Najua inauma, lakini fumua.

Pini ya ukingoni ielemee nje kidogo, kwa kuwa uzi unaivuta ndani. Za katikati zisimame. Na hakuna pini itakayosimama kwenye mto laini! Wangu nimeushindilia unga wa mbao, na kisiwa chenye mafundi wa majahazi Matondoni hakikosi unga huo.

Jambo jingine ni hewa yetu ya chumvi. Pini za chuma cha kawaida ziliniachia vidoa vya kutu kwenye uzi mweupe, havikutoka hata kwa ndimu. Tafuta zisizoshika kutu, hata kama bei ni kubwa.

Usiwe na haraka ya kuzing'oa. Mimi huacha za katikati upana wa vidole vinne nyuma ya ninapofanyia kazi, na za ukingoni mara mbili ya hapo.